Waya wa Mini VCI unasoma Premio ya zamani, Premio mpya umegoma. Mafundi njooni

Fundi_Malaba
Wakuu, habari za jioni. Niko Malaba upande wa Uganda. Gereji iko kando ya barabara ya malori, lakini riziki yangu kubwa ni hizi Toyota ndogo. Kuna jambo limeninyima usingizi siku mbili.

Nina waya wa Mini VCI, ule wa bei ya chini: upande mmoja USB, upande wa pili plagi ya OBD, ya kupimia gari chini ya usukani. Nautumia na Techstream, programu ya Toyota ya kuchunguza gari, kwenye laptopu kuukuu yenye Windows 7 ya biti 32. Miezi minane hatujagombana. Jumamosi mama mmoja anayefanya biashara ya nguo kati ya hapa na Mbale akaniletea Premio ya 2008, NZT260, injini 1NZ. Taa ya injini imewaka, gari linatetemeka likisimama, na mara mojamoja taa ya ABS inawaka kisha inajizimia.

Nikachomeka waya. Taa yake ikawaka vizuri. Techstream ikazunguka weee, mwisho ikasema haiwezi kuwasiliana na gari. Jumapili asubuhi iliingia mara moja tu, kama sekunde kumi hivi, nikaona hadi jina la injini, ikakatika kabla sijafungua kodi. (Kodi za gari, yaani namba za hitilafu, si za URA, watoza ushuru wetu. Hizo nazo zipo, ila si leo.)

Nikaenda kwa jirani mwenye Premio ya umbo la zamani, ZZT240 ya 2003. Ikasoma papo hapo, kodi na data zote. Nikarudi kwa Premio ya mama, kimya.

Je, waya umeungua nusu, au gari ndilo lina shida? Mwenzangu hapa ameshasema ninunue mwingine, na mama anataka gari lake Alhamisi.

Kasuku_wa_Ndeeba
Tupa. Hizo zote ni kopi za kopi. Mimi nimeshazika tatu.

Dada_Spana
Kasuku, pole kwa misiba, lakini tusimzike mgonjwa kabla ya kumpima.

Fundi, hizo Premio mbili zina sura ya ukoo mmoja ila hazisemi lugha moja. Ya zamani inaongea kwa waya mmoja, K-line, pini ya 7 kwenye plagi. Hiyo 260 inaongea CAN, nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, pini ya 6 na ya 14. Kwa hiyo 240 ilipokusomea imekuthibitishia USB, draiva, chipu ya ndani, umeme wa pini ya 16 na mkondo wa K-line. Kuhusu CAN haijakuambia chochote.

Umebaki na washukiwa wawili: sehemu ya CAN ndani ya waya wako, au nyaya za CAN za gari, tokea kwenye plagi kwenda ndani. Zile sekunde kumi za Jumapili zinanifanya nimshuku wa pili. Chipu iliyoungua haifufuki asubuhi ikasema habari za kuamka.

Tafuta Toyota nyingine ya CAN, Axio au Fielder ya 2008 kwenda mbele, ujaribu. Halafu chukua mita. Usiguse laptopu kwanza, mita tu.

Mzee_wa_Kisekka
Huyu dada amesema kweli. Vijana wa siku hizi mita wanaitumia kupimia betri tu.

Zamani hapa sokoni Kisekka hatukuwa na laptopu. Toyota ilikuwa na kiboksi karibu na injini, unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, taa ya injini inaanza kukonyeza, wewe unahesabu. Konyeza mbili, pumziko, konyeza tano: 25. Fundi asiyejua kuhesabu alibadilisha kila kitu mpaka mteja akafilisika. Hata kwenye hii plagi ya OBD ya Toyota, pini ya 13 na ya 4 zinafanya kazi hiyo hiyo. Mkono usiteleze tu ukagusa 16, maana hapo ndipo pana moto wa betri moja kwa moja.

Fundi_Malaba
Asante dada, asante mzee. Fielder ya 2010 ya kijana wa mobile money imepatikana. Waya umeisoma bila shida, injini, ABS, mkoba wa hewa, zote. Basi waya mzima.

Nipime nini kwenye Premio na kwa mpangilio gani? Sitaki kuchokonoa ovyo, gari la watu.

Dada_Spana
Safi, mshukiwa mmoja yuko nje.

Anza na chakula. Pini ya 16 ukilinganisha na ya 4, utafute volti za betri hata ufunguo ukiwa haumo. Kama hakuna, angalia fyuzi iliyoandikwa OBD, kwa Toyota nyingi ni ya ampea 7.5. Magari mengine hii fyuzi ni moja na ile ya kiwashio cha sigara, mtu anachomeka chaja mbovu ya simu, fyuzi inakatika, fundi analaumu mashine. Kisha pini 4 na 5 hadi hasi ya betri, zote mbili ziwe karibu na sifuri omu. Kwako taa ya waya inawaka kwa hiyo hapa utapita haraka.

Sasa penyewe. Zima gari, toa ufunguo, chomoa waya wako wa Mini VCI, funga milango, subiri dakika moja kamili bila kugusa swichi yoyote, maana kompyuta zinachelewa kulala. Pima omu kati ya pini 6 na 14. Ni rahisi kuzipata, zinatazamana, moja juu moja chini. Kitabu cha Toyota kinataka omu 54 mpaka 69. Ni kwa sababu kila ncha ya njia kuu ya CAN ina rezista ya 120, na mbili sambamba zinatoa 60. Ukipata 70 kwenda juu, kuna mahali pamekatika. Chini ya 54, nyaya zimegusana au kuna kitu kimeongezwa.

Usisukume ncha nene ya mita ndani ya pini. Inazipanua, na baada ya hapo hakuna plagi itakayoshika tena. Nimeshaletewa gari ambalo ugonjwa wake wote ulikuwa fundi aliyetangulia na misumari yake.

TurnboyMstaafu
Samahani kuingilia, maadamu wataalamu mpo. Mimi ni wa malori. Nina kile kidude kidogo cha Bluetooth cha buluu, cha kusomea gari kwa simu, naweza kuchomeka kwenye lori la volti 24? Kuna Fuso hapa lina plagi kama ya gari dogo.

Dada_Spana
Soma mgongo wake. Kama imeandikwa 12V, usijaribu. Malori mengi makubwa yana plagi ya duara ya pini tisa, yanatumia lugha ya malori iitwayo J1939. Plagi nyeusi ni ya kasi ya kilobiti 250 kwa sekunde, kijani ni ya 500. Hayo yanataka mashine yake. Plagi kufanana haina maana umeme unafanana.

TurnboyMstaafu
Nimechelewa kusoma. Imenuka.

Kasuku_wa_Ndeeba
😂😂 Karibu makaburini.

Ipsum_Moja
Na mimi wakuu. Ipsum ya 2002 kutoka Japani moja kwa moja. Nina adapta ya ELM327 v1.5, simu na programu ya Torque. Inaunganika na simu vizuri, kwenye gari inasema UNABLE TO CONNECT. Wengine wanasema gari langu halina OBD kabisa. Ni kweli?

Mzee_wa_Kisekka
Lina plagi, halina lugha unayoitafuta. Sheria ya Marekani ililazimisha magari ya huko ya kuanzia 1996 yaongee OBD-II. Gari lililotengenezwa liuzwe Japani kwa Wajapani halikuhusika na hiyo sheria. Sisi ndio tunaleta magari ya Wajapani na adapta za Wamarekani, kisha tunashangaa.

Dada_Spana
Mzee amemaliza nusu. Nusu nyingine: Toyota hizo za Japani zinatumia K-line kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, wakati ELM327 imezoea 10400. Salamu ya kufungulia nayo ni tofauti, adapta inabisha mlango namba 33, gari linasubiri kwenye 13. Kwenye Torque, katika mipangilio ya gari, kuna mahali pa kuandika amri za kuanzia. Weka AT IB 96 kwa ajili ya kasi na AT IIA 13 kwa ajili ya mlango.

Ila kwanza fungua programu yoyote ya kutuma maandishi kwa Bluetooth, utume AT IB 96 peke yake. Ikijibu OK una bahati. Ikijibu alama ya kuuliza, basi haiijui amri hiyo, haijalishi imejiandika v ngapi. Na hiyo v1.5, Elm Electronics wenyewe hawakuwahi kuitoa. Ni namba ya wanaokopi.

Fundi_Malaba
Wakuu, turudi kwenye Premio, nina majibu na yananichanganya.

Pini ya 16: volti 12.4. Pini 4 na 5: sifuri nukta kitu. Sawa.

Pini 6 na 14: omu 40.3. Nikarudia mara tatu, 40.3. Nilipoinama kuangalia plagi vizuri, goti likasukuma ule mzigo wa nyaya chini ya usukani, mita ikaruka 119. Nikasukuma tena, 40. Tena, 119. Sasa hii ni nini? Ningekuwa nimeona sifuri ningesema zimegusana, ningeona hakuna kitu ningesema zimekatika. Hii 40 na 119 ni namba za wapi?

Kasuku_wa_Ndeeba
Mita nayo feki.

Mzee_wa_Kisekka
Kijana, chukua karatasi. Rezista mbili za 120 sambamba ni 60. Tatu za 120 sambamba ni ngapi? 40. Gari lilitoka kiwandani na mbili. Nani ameleta ya tatu?

Na unaposukuma ukapata 119, maana yake umezitenga zile mbili za gari, umebaki unaipima hiyo ya tatu peke yake. Kwa hiyo mgeni yuko upande wako wa kiungo, karibu na plagi, na kiungo kinacheza. Vua lile plastiki chini ya usukani, ufuate nyaya za 6 na 14 kwa macho. Hutafika mbali.

Dada_Spana
Mzee, nakuvulia kofia.

Fundi, mimi naweka pesa yangu kwenye traka, kile kifaa cha kufuatilia gari liko wapi.

Fundi_Malaba
Dada umenifilisi, ni traka.

Sentimita kama kumi na tano nyuma ya plagi. Mtu amekata waya wa pini 6 na wa 14, akaziunga tena kwa kusokota na vidole pamoja na nyaya mbili nyembamba, akazungushia tepu nyeusi. Tepu imeshalegea kwa joto, gundi inanata kama asali. Ukivuta kidogo upande wa gari unachomoka. Shaba imeshakuwa ya kijani. Nyaya nyembamba zinakwenda kwenye kiboksi kimefungwa juu ya pedali kwa kamba za plastiki.

Nimempigia mama. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mwezi wa kumi alichukua mkopo, gari ndilo dhamana, waliokopesha wakafunga hicho kifaa siku hiyo hiyo. Nikamuuliza taa ya ABS ilianza lini. Akasema, "Baada ya Krismasi hivi, lakini hiyo si mambo ya mkopo." Hakunificha, hakuona tu uhusiano.

Sasa nikate?

TurnboyMstaafu
Kata, unga, maliza kazi. Mama anataka gari Alhamisi.

Dada_Spana
USIKATE.

Ukikata, huko kwenye kompyuta yao kunaonekana gari limepotea likiwa Malaba, mita chache kutoka mpakani. Fikiria vizuri simu ya kwanza watakayoipiga itakuwa kwa nani, na ya pili. Wewe ndiye utakayekutwa na funguo.

Piga picha ya viungo vilivyo. Piga picha ya mita ikionyesha 40 na ikionyesha 119. Mama mwenyewe awapigie waliomkopesha, watume fundi wao. Traka ili ijue gari liko wapi inahitaji chanya, hasi, labda na waya wa swichi. CAN wanaigusa ili wasome mafuta na kilomita. Anaweza kuzitoa hizo mbili akabakiza zilizobaki, na kila mtu akabaki na chake.

Ipsum_Moja
Swali la mjinga. Kama nyaya zimelegea hivyo, mbona gari linatembea?

Dada_Spana
Si la mjinga. Plagi ya OBD ni tawi tu. Njia kuu inayounganisha kompyuta ya injini, ya breki na dashibodi inapita kwingine na bado nzima. Tawi likikatika, kompyuta zinaendelea kuongea zenyewe, ni mgeni wa kwenye plagi ndiye hasikii. Kiungo kikishika, mgeni anasikia, lakini sasa rezista ya tatu na zile nyaya zisizosokotwa zinaichafua njia nzima. Naamini ndipo taa ya ABS ilipokuwa inawaka na kuzima.

Fundi_Malaba
Alhamisi, saa nne usiku. Narudi na matokeo, nimechoka lakini nimecheka.

Fundi wao alikuja na boda kutoka Tororo, saa nane mchana, koleo mfukoni na tepu nyeusi nyingine mpya. Kabla hajashuka vizuri akasema, "Tatizo ni waya wako sebo, hizo ni feki." Nikamwambia sawa, sikubishani, njoo tupime wote. Nikampa mita aishike yeye. 40. Nikasukuma nyaya. 119. Akaangalia mita, akaangalia kile kiboksi, akauliza kama nina pasi ya kulehemu.

Tukafanya pamoja. Ametoa nyaya mbili za CAN za traka, tukazikunja na kuzifunika zisiguse kitu. Ndani ya kiboksi chao kweli kuna kidaraja kidogo cha kuwasha rezista, na kilikuwa kimewashwa. Akasema yeye huwa anaacha kilivyotoka dukani. Nyaya za gari tumekata sehemu ya kijani, tukalehemu, tukavalisha mipira ya kusinyaa, tukazisokota tena pamoja kama zilivyokuwa. Akapiga simu ofisini kwao, wakamthibitishia gari bado linaonekana. Mama alisimama hapo hapo muda wote, mikono kiunoni.

Pima: omu 60.8.

Nikachomeka Mini VCI. Techstream haikuzunguka hata mara mbili. Ndani: P0171, mchanganyiko mwembamba, na U0129, mawasiliano na kompyuta ya breki yamepotea, hiyo imehifadhiwa tu. Nikafuta zote, U0129 haijarudi.

P0171 nayo haikunisumbua. Data ilionyesha kompyuta inaongeza mafuta karibu asilimia 28 ili kufidia, gari likiwa limesimama. Nikauvua ule mpira mnene kati ya boksi la filta na throto. Chini kabisa, mahali usipopaona ukiinama, una ufa wa urefu wa kidole, hewa inaingia bila kupita kwenye kipimo cha hewa. Na nisikilizeni: ulikuwa umezungushiwa tepu nyeusi. Sijui ni mtu yuleyule. Nimemwangalia yule fundi, akaangalia barabara.

Mpira wa mtumba umepatikana hapa hapa sokoni. Mtetemo umekwisha, fidia imeshuka hadi asilimia 4. Mama ameondoka saa kumi na mbili kwenda Mbale.

Mzee_wa_Kisekka
Umefanya kazi. Rudia kupima 6 na 14 akirudi kwa huduma, viungo vya kulehemu kwa mkono navyo vina tabia zao.

Waya_Mwekundu
Nimefika mwisho wa uzi kama kawaida yangu. Fundi, mbona bado uko na Windows 7 ya biti 32? Mimi nina ya biti 64, draiva inakataa kabisa.

Fundi_Malaba
Kwa uvivu tu. Hii laptopu haiendi intaneti, haifanyi sasisho, inajua kazi moja. Programu ya kufungia draiva ilitengenezwa zama za biti 32. Kwa 64 watu wanatoa mafaili kwa mkono na kuingiza rejista wenyewe. Inawezekana, nimeiona ikifanya kazi Tororo, lakini sina subira hiyo.

Dada_Spana
Na sababu ya kutoipeleka intaneti si uvivu. 2014 FTDI, wenye chipu za USB zinazoghushiwa ndani ya nyaya kama hizi, walitoa draiva iliyopita kwenye Windows Update ikibadilisha namba ya utambulisho ya chipu za kughushi kuwa 0000. Nyaya nyingi zilikufa usiku mmoja, wenyewe wakidhani zimeungua. Zilikuwa zinaweza kurudishwa kwa kuiandika upya ile namba, ila wengi walikuwa wameshazitupa.

Ipsum_Moja
Nimetuma AT IB 96. Imejibu alama ya kuuliza.

Dada_Spana
Basi tafuta adapta nyingine, na safari hii itume hiyo amri ukiwa bado dukani, kabla hujatoa pesa. Chomeka kwenye gari lolote lililo nje ipate umeme, inatosha.

Kasuku_wa_Ndeeba
Nimefungua droo. Zile tatu nilizozika, mbili zimesoma Fielder ya dada yangu. Ya tatu kweli imekufa, ila naona ni panya.